Kijana wangu wa kambo anakaribia miaka 18 na hataki kukaa kwenye vikao vyake. Nifanyeje?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Portland, Oregon, huu ni mwaka wa 11. Nina kibali cha malezi ya kambo, na kwa miezi 14 sasa nakaa na kijana niliyeletewa na serikali. Ana miaka 16 na miezi 10. Yuko kwenye elimu maalumu: kusoma kunamwia vigumu sana, na kutulia mahali pamoja ni shida. Kabla ya kuja kwangu alishahamishwa nyumba nyingi. Ni mtoto mwema. Nampikia, namfulia, namjazia fomu, nampigia simu kwa daktari, na shuleni namsemea mimi, maana kwenye kikao anainamisha kichwa au anatoka nje kabisa. Kikao cha mwisho waliandika kwamba akimaliza shule atafutiwe kazi nyepesi ya dukani. Yeye usiku ananiambia anataka kuwa fundi wa ndege. Nimesikia hapa mjini kwetu kulifanyika utafiti juu ya vijana kama yeye. Unasema nini? Niendelee kumsemea? Nimwambie ukweli kuhusu hizo ndege? Na akifika 18, ndiyo anaondoka?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na neno ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba usiku anakuambia anataka kuwa fundi wa ndege. Kijana aliyehamishwa nyumba baada ya nyumba hujifunza kuficha anachokitaka, kwa sababu kila alichowahi kukitaka kilibaki kwenye nyumba aliyotolewa. Wewe amekuambia. Yote nitakayoandika yanaanzia hapo.

Utafiti uliousikia upo, na ulifanyika hapo hapo kwenu, Chuo Kikuu cha Portland State, chini ya Laurie Powers na Sarah Geenen. Walianza kwa kutazama hali ilivyo kabla ya kujaribu kuirekebisha. Mwaka 2006 walichapisha walichokiona baada ya kupitia mipango ya shule ya vijana walio kwenye elimu maalumu na kwenye malezi ya kambo kwa wakati mmoja. Nazungumzia ile sehemu ya IEP, yaani mpango anaoandikiwa kila mwanafunzi wa elimu maalumu, inayoeleza kijana atakwenda wapi akimaliza shule na atafikaje. Waliilinganisha na mipango ya vijana wenye ulemavu wanaoishi na wazazi wao. Ya vijana wa kambo ilikuwa hafifu zaidi, yenye malengo machache, na watu wa kuwatetea kikaoni walikuwa haba. Kwa hiyo ile "kazi nyepesi ya dukani" usiihesabu kuwa kosa la mwalimu mmoja aliyechoka. Ni namna ambavyo vijana hawa wamekuwa wakiandikiwa maisha, na ilishaonekana kwenye karatasi zamani.

Mwaka uliofuata walichapisha maneno ya vijana wenyewe, pamoja na ya walezi na maofisa wao. Vijana walilia na jambo moja ambalo sijaacha kulisikia tangu niingie kazi hii: ukiwa kwenye malezi huamui kitu, nywele tu ukitaka kukata kuna wa kuombwa ruhusa, halafu siku moja unaambiwa wewe sasa ni mtu mzima, amua kila kitu. Hakuna aliyewapa nafasi ya kujaribu kidogo kidogo wakati bado pana mtu wa kuwashika wakiteleza. Kijana mwenye ulemavu hilo linamwangukia mara mbili. Kama yuko chini ya serikali, ofisi inamwamulia. Kama ana ulemavu, hata wanaompenda wanamwamulia, kwa huruma.

Sasa jaribio lenyewe. Walichukua vijana 69 wa Portland, wenye umri wa miaka 16 na nusu hadi 17 na nusu, wote wako kwenye malezi ya kambo na elimu maalumu. Ni rika la kijana wako kabisa. Waliwagawa kwa kura. Kundi moja liliendelea na huduma za kawaida za kuandaliwa kujitegemea. Kundi la pili, kwa muda wa kama mwaka mzima, kila kijana alipewa mwelekezi wa peke yake aliyekutana naye mara kwa mara, na kila baada ya muda walikusanyika na vijana wakubwa waliowahi kulelewa kambo wao wenyewe, wakafundishana. Mpango huo waliuita My Life. Msingi wake ni mbinu ya TAKE CHARGE, ambayo Powers alikuwa ameshaitumia na vijana wenye ulemavu kabla ya kuileta kwa vijana wa kambo.

Nataka uelewe mwelekezi alifanya nini, maana hapo ndipo penye jibu lako. Hakuja na orodha ya malengo. Kijana ndiye aliyechagua, hata kama alichochagua wakubwa hawakukipenda au walikiona kidogo. Mmoja anaweza kutaka leseni ya gari, mwingine kumtafuta dada yake waliyetenganishwa naye, mwingine kupunguziwa dawa zinazomlaza darasani. Wakishalishika lengo, wanalikatakata mpaka ipatikane hatua inayofanyika wiki hii. Kisha kijana anaifanya mwenyewe na mwelekezi yuko pembeni. Kama ni simu, wanaandika pamoja maneno ya kusema, wanayafanyia mazoezi mara mbili tatu, halafu kijana anabonyeza namba. Akikataliwa, wanakaa kutafuta njia nyingine. Mbinu ina pande tatu: kulifikia lengo, kushirikiana na watu wa kukusaidia, na kuutuliza moyo mambo yanapokwama. Hiyo ya tatu watu huidharau, na kwa kijana anayetoka nje ya kikao ndiyo ya kwanza kuhitajika.

Kwetu hili si geni. Pwani binti alikuwa na somo wake, mwanamke asiye mama yake, wa kumfunda na kumsindikiza mpaka ajimudu. Mwanafunzi wa gereji naye hakai darasani kusikiliza habari za spana. Anashikishwa spana, fundi akiwa anamtazama mkono. Nimeona kina mama wengi wa kwetu walioko Marekani wakilipokea jambo hili la "mtoto aamue" kama uzungu wa kumkosesha adabu. Ukilitazama kama kazi ya somo utaona halina uzungu wowote.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuwa haya. Kundi lililopata waelekezi lilipanda katika uwezo wa kujiamulia, katika namna vijana walivyoyaona maisha yao, na katika kutumia huduma zilizokuwepo. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha, tofauti ilikuwa bado ipo. Walimaliza sekondari, walikuwa kazini na walifanya shughuli za kujitegemea kwa kiwango kinachoonekana kuwa kikubwa kuliko kundi la huduma za kawaida. Vijana 69 wa mji mmoja ni wachache, na mtafiti mwaminifu hawezi kuapa kwamba kila tofauti ndogo hapo itajirudia kwingine. Ila timu hiyo ilifanya jaribio jingine, Better Futures, kwa vijana 67 wa kambo wenye matatizo ya afya ya akili, safari hii kuhusu elimu ya baada ya sekondari. Waliwalaza siku 4 chuoni wakati wa kiangazi, wakaonja maisha ya mwanafunzi, kisha wakapewa waelekezi vijana waliopitia njia hiyo hiyo. Matokeo yake, ya mwaka 2015, yalielekea upande ule ule: wengi zaidi waliingia masomoni kuliko kundi la kulinganisha, na matumaini yao yalipanda.

Linganisha na Los Angeles. Huko vijana wa miaka 17 walipewa masomo ya darasani ya stadi za maisha kwa wiki 5: bajeti, kupanga nyumba, kutafuta kazi. Huko nako waligawanywa kwa kura, matokeo yakatoka mwaka 2008, na hakukuonekana tofauti ya maana kati ya waliosoma na wasiosoma. Kwa hiyo mtu akikuambia kijana "ameshaandaliwa" kwa kuwa alihudhuria darasa la kujitegemea, usitulie.

Nisikupe matumaini kupita kiasi pia. Tennessee walifanya jaribio kubwa sana, vijana zaidi ya 1,300 waliotoka kwenye malezi ya kambo au mikononi mwa mahakama za watoto, kila mmoja na mtu wa kukutana naye kila wiki. Kipato kilipanda kiasi, shida za makazi zilipungua kiasi, na afya ya akili ilikuwa nafuu kidogo. Upande wa elimu hakukuwa na badiliko. Mtu mmoja wa kila wiki anasaidia, lakini hazibi kila pengo la utoto mzima.

Basi tuje kwenye swali lako la kwanza, kumsemea.

Kuna uchunguzi wa James Martin na wenzake, nao ni wa 2006. Walikaa kwenye vikao 109 vya IEP vya wanafunzi wa sekondari, wakawa wanaandika nani anazungumza. Walimu wa elimu maalumu walichukua asilimia 51 ya muda uliopimwa. Familia asilimia 15. Mwanafunzi mwenyewe, ambaye kikao ni chake, asilimia 3. Kichwa cha kijana wako kinachoinama hakijatokana na ukaidi. Kakaa kwenye meza ambayo watu wazima wanasoma kwa sauti kasoro zake, moja baada ya nyingine, mbele ya watu ambao nusu yao yeye hajui majina yao. Mimi na umri wangu huu nisingekaa.

Martin na wenzake walikwenda mbele wakajaribu kuwafundisha wanafunzi kuongoza vikao vyao, na waliofundishwa walizungumza na kuongoza zaidi kuliko wasiofundishwa. Maana yake ni kitu kinachofundishika, hata kwa mwenye shida ya kujifunza. Usimwachie ghafla kikao kizima, utamtia aibu na hatarudi tena. Anza na dakika 2. Kaa naye jikoni, au kwenye gari, maana vijana hawa husema zaidi mnapotazama mbele wote wawili, muandae karatasi moja. Mambo matatu tu: ninachokiweza, kinachonishinda, kinachonisaidia. Kusoma kunamsumbua, kwa hiyo arekodi kwa simu akipenda, au achore, au wewe uandike maneno yake yale yale bila kuyatengeneza. Kikao kianze na hiyo karatasi kabla mwalimu hajafungua faili. Muombe mwalimu hilo mapema kwa barua pepe. Kisheria shule inatakiwa imwalike mwanafunzi kikao kinapozungumzia maisha yake baada ya shule, kwa hiyo huombi upendeleo. Kubaliana naye pia ishara ya kutoka nje dakika 5 na kurudi. Akitoka kwa ishara mliyopatana, hapo hajakimbia. Ameutuliza moyo wake, na hiyo ni stadi.

Wewe utakaa wapi? Pembeni yake, na mdomo umefungwa kuliko ulivyozoea. Wakikuuliza wewe kuhusu yeye, mgeukie yeye. Kimya kitakuwa kirefu. Uvumilie. Najua kinavyouma, kwa sababu miaka yangu ya kwanza nilikuwa nawajazia vijana fomu zote kwa mkono wangu. Kuna mmoja nilimfanyia maombi ya chuo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakubaliwa, nikafurahi kuliko yeye. Siku ya kwanza ya masomo hakwenda. Nilipomuuliza, aliniambia, "Ile ilikuwa shule yako." Nilikaa na maneno hayo muda mrefu.

Iko sababu nyingine ya haraka kuliko hiyo. Shuleni sasa hivi sheria inaibana shule imtafute mwanafunzi mwenye ulemavu na impe msaada. Chuoni mambo yanageuka. IEP haimfuati. Sheria inamlinda asibaguliwe, lakini ni yeye anayetakiwa aende ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, aseme ana shida gani na anahitaji nini: muda wa ziada, vitabu vya kusikiliza, mahali patulivu pa mtihani. Asiposema hapati, na wewe hawatakusikiliza. Kwa Oregon, akifika 18 hata haki za hii elimu maalumu ya sasa zinahamia mikononi mwake, na shule inatakiwa imjulishe hilo mwaka mmoja kabla, yaani miezi hii miwili inayokuja. Waulize kama wamefanya. Waulize pia ni nani aliyeandikwa kama mzazi wake kwenye mambo ya elimu, wewe au mtu aliyeteuliwa. Kwa mtoto aliye chini ya serikali jambo hili likiachwa wazi, sahihi za maana zinakosa wa kuzitia.

Ndege.

Umeniuliza umwambie ukweli. Mwambie, ila kwanza muutafute pamoja, kwa sababu nadhani ukweli ulionao wewe na ulioko kwenye faili ni nusu tu. Portland Community College wana masomo ya ufundi wa ndege kwenye kampasi ya Rock Creek, si mbali na nyumbani kwako. Cheti chenyewe hutolewa na FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Wanataka mtu awe amefika miaka 18, aweze kusoma, kuandika, kuzungumza na kuelewa Kiingereza, kisha afaulu mtihani wa kuandika, wa kujibu kwa mdomo na wa vitendo. Cheti kina sehemu mbili, mwili wa ndege na injini. Asiyepitia chuo anaweza kukifikia kwa kufanya kazi chini ya mafundi: miezi 18 kwa sehemu moja, 30 kwa zote mbili. Na kwa kuwa umesema kutulia ni shida, na labda anatumia dawa, ujue kwamba cheti cha afya cha FAA kinachowakwamisha wengi ni cha rubani. Fundi hatakiwi kuwa nacho.

Kikwazo cha kweli ni kusoma. Fundi wa ndege haruhusiwi kukisia. Anafuata kitabu cha maelekezo mstari kwa mstari. Hilo usimfiche. Lakini ona linavyogeuza mazungumzo kikaoni. Badala ya "hawezi kusoma, aende dukani", swali linakuwa "ana miaka mingapi ya shule iliyobaki ya kujifunza kusoma maelekezo ya kiufundi, na nani atamfundisha?" Na iliyobaki inaweza kuwa mingi kuliko mnavyodhani. Oregon ina diploma ya kawaida na ina diploma iliyorekebishwa. Akipewa ya kawaida, haki ya elimu maalumu inakwisha siku hiyo. Akipewa iliyorekebishwa, anaweza kuendelea kupata huduma mpaka miaka 21. Kila moja ina faida na gharama yake, ila isije ikachaguliwa kimya kimya na mtu mwingine. Idara ya jimbo ya kuwasaidia wenye ulemavu kupata kazi nayo ina wajibu kwake akiwa bado mwanafunzi: sheria ya mwaka 2014 iliwalazimisha kutenga angalau asilimia 15 ya fedha za shirikisho kwa wanafunzi wenye ulemavu, kwa mambo kama kutembelea sehemu za kazi na kuonja kazi yenyewe. Yeye mwenyewe apige simu Rock Creek aombe kutembezwa. Muandae maneno, afanye mazoezi na wewe, halafu wewe ondoka chumbani.

Huenda akaenda, akaona kelele na vitabu, akarudi akisema hataki tena. Hapo hujapoteza kitu. Atakuwa ameacha jambo kwa macho yake, na lengo linalofuata atalichagua kwa akili iliyokomaa zaidi. Huenda pia akashikilia. Mimi sitabiri.

Kuhusu 18. Hapana, haimlazimu kuondoka, na hapa utafiti umesaidia kuliko mahali pengine popote. Kuanzia mwaka 2002 Mark Courtney na wenzake wa Chapin Hall, kituo cha utafiti cha Chicago, waliwafuata vijana 732 wa majimbo ya Iowa, Wisconsin na Illinois tangu wakiwa na miaka 17 mpaka 26. Illinois iliwaruhusu kubaki kwenye malezi hadi 21. Majimbo mengine mawili wengi walitoka wakiwa na 18. Waliobaki waliingia chuo kwa wingi zaidi miaka ile ya mwanzo. Lakini picha ya jumla inauma: walipofika miaka 26, ni asilimia 8 tu waliokuwa na shahada au stashahada ya chuo, wakati kwa vijana wengine wa rika hilo ilikuwa asilimia 46. Walipokuwa na miaka 23 au 24, zaidi ya theluthi walikuwa wamewahi kukosa makazi au kulala kwa watu wakihamahama tangu watoke. Kazi hiyo ilichangia sheria ya mwaka 2008 iliyoruhusu fedha za shirikisho kuwalea vijana mpaka 21, na Oregon ni mojawapo ya majimbo yaliyoifuata. Masharti yake ni mepesi kwake: awe anasoma, au anafanya kazi angalau saa 80 kwa mwezi, au yuko kwenye mpango wa kumwandaa kwa kazi, au hali yake ya afya haimruhusu hayo.

Mengine ya ofisini nitayapitia upesi, yaandike pembeni. Siku 90 kabla ya kufikisha 18 lazima pawe na mpango wa kutoka ulioandikwa kwa kumfuata yeye. Kama atatoka, akabidhiwe cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, kumbukumbu za matibabu na kitambulisho. Medicaid, bima ya afya ya serikali, anaweza kubaki nayo mpaka 26 kama alikuwa kwenye malezi alipofika 18. Kuna msaada wa masomo wa hadi dola 5,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa Chafee, na Oregon ina sheria ya kuwasamehe ada vijana waliotoka kwenye malezi. Kama anapokea SSI, yaani malipo ya serikali kwa wenye ulemavu wa kipato kidogo, hapo uwe macho: akifika 18 wanampima upya kwa vigezo vya watu wazima, na wengi huondolewa. Akionekana hastahili lakini bado yuko kwenye IEP, malipo yanaweza kuendelea wakati anasoma, na barua ya kumwondoa mara nyingi haimwelezi kijana jambo hilo kwa lugha anayoielewa.

Lipo moja ambalo siliharakishi. Sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2014 inampa kila kijana wa kambo mwenye miaka 14 na zaidi haki ya kuchagua watu wawili wa kukaa kwenye timu inayopanga mambo yake upande wa ustawi. Hawatakiwi kuwa mlezi wake wala afisa wake. Kwa hiyo wewe humo hutaingia, na ni vizuri, usiumie. Huko Portland mwelekezi hakuwa mlezi wa nyumbani. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Wewe umeshashika nafasi ya mama. Huyo mwingine anahitajika. Anaweza kuwa kocha wake wa zamani, mwenye gereji anakopenda kwenda kusimama Jumamosi, au kijana wa miaka 25 aliyepita njia hiyo na sasa ana kazi. Utafiti wa vijana 310 wa kambo uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliokuwa na mtu mzima wa namna hiyo, asiye mzazi, kwa angalau miaka 2 tangu kabla ya 18, walikuwa na afya bora utu uzimani. Muulize ni nani angemtaka. Akikutajia mtu usiyemdhania, meza mate kwanza, kisha uulize kwa nini yeye.

Umesema unampikia na kumfulia. Kumpikia endelea, chakula cha mtu anayekupenda hakijamharibu yeyote. Nguo afue mwenyewe. Fomu ajaze wewe ukimsomea, na sahihi iwe yake. Simu ya daktari ijayo aipige yeye, hasa kama ina habari ya dawa zake, maana mwaka 2011 ukaguzi wa serikali kuu uliokagua majimbo matano, Oregon ikiwemo, ulikuta watoto wa kambo wanaandikiwa dawa za akili mara 2.7 hadi 4.5 zaidi ya watoto wengine wa Medicaid. Anayezimeza ni yeye. Ajue kuuliza ya nini na mpaka lini.

Halafu swali lako la mwisho umeniuliza mimi: akifika 18, ndiyo anaondoka? Naona yeye hujamuuliza. Inawezekana unaogopa jibu, na yeye anaogopa kwamba hutauliza. Muulize kabla afisa hajamuuliza, tena usiku, wakati ule ule anaokueleza habari za ndege. Mwambie chumba ni chake kama anakitaka, taja masharti ya nyumba yako waziwazi, umwambie anaweza kufikiri wiki nzima kabla ya kujibu. Kisha wiki hiyo usimkumbushe.